Kuchagua GPU ya kompyuta ya zamani: anza na pawa saplai, kadi baadae

Kuna aina ya kompyuta imejaa mjini, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba zilizopiga kazi miaka kwenye maofisi ya Ulaya alafu zikaletwa kwa kontena, ndani prosesa ya Intel i5 au i7 ya kizazi cha tatu au cha nne, RAM 8GB, unaipata Kariakoo kwa hela ambayo haikununulii hata simu ya maana. Watu wengi wanaanzia hapo kucheza magemu, wanachomeka kadi ya picha (ndo hiyo GPU) yoyote iliyopatikana, GT 710 sijui GT 730, mambo yanaenda kidogo, baadae kadi inakufa au gemu mpya inagoma kabisa ndo swali linakuja, sasa niweke kadi gani?

Jibu la haraka utakaloambiwa mtaani ni jina la kadi. Mi nasema usianze na kadi, kwasababu kwenye mashine hizi kadi inachaguliwa na vitu viwili ambavyo tayari unavyo mezani, pawa saplai (lile boksi linaloigawia mashine umeme) na kesi, na ukivisoma vizuri hivo viwili utakuta list ya kadi imejikata yenyewe mpaka zimebaki tatu nne hivi. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Ijue mashine kwa jina lake kamili

"Nina Dell" haitoshi. Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika msinfo32, ingia. Pale kwenye System Model utaona jina, mfano OptiPlex 9020, na palepale chini kidogo kuna BIOS Mode, yani namna mashine inavyoanza kuwaka, itaandika UEFI (ya kisasa) au Legacy (ya zamani), hiyo iandike pembeni tutaihitaji mbele. Angalizo, Dell walirudia jina la OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwenye mashine mpya kabisa, kwahiyo ukitafuta maelezo mtandaoni hakikisha unasoma ya ile ya 2012 na sio ya hii mpya, watu wanachanganya sana hapa.

Alafu umbo. Kama ni mnara unaosimama, ile MT, inakula kadi ya kimo cha kawaida. Kama ni ile nyembamba, SFF, inayolala chini ya monita, inakula kadi za kimo kifupi tu, zile wauzaji wanaziita lo profaili. Na vile vidogo kabisa vya ukubwa wa kitabu havina sloti ya kadi, hapo hamna cha kufanya.

Fungua mfuniko, chukua rula. Pima kuanzia kibati cha nyuma pale kadi inapofungwa skrubu mpaka kitu cha kwanza kinachozuia mbele, mara nyingi ni kibanda cha hadi diski au nyaya za SATA (za diski) zilizochomoza. Angalia pia upana, yani kadi nyingi feni zake zinakula nafasi ya sloti mbili, na kuna SFF ambazo sloti ndefu imebanana na pawa saplai kwahiyo kadi nene haiingii hata uisukume vipi. Andika hizo namba kwenye simu, uende nazo dukani.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha pawa saplai

Hapa ndo penyewe, tukae kidogo.

OptiPlex 7010 ya mnara inakuja na pawa saplai ya 275W, SFF yake 240W. 9020 ya mnara ni 290W, SFF 255W. Hizi sio pawa saplai mbovu, kinyume chake zimetengenezwa vizuri kuliko yale makopo ya dukani yaliyoandikwa 500W ambayo ukiinua unahisi hamna kitu ndani, shida yake ni moja tu, hazina ule waya wa ziada wa kulisha kadi, wenye pini 6 au 8. Maana yake kadi yako itakula umeme kutoka kwenye sloti peke yake, na sloti ya PCIe, ile ndefu kadi inapochomekwa, mwisho wake ni 75W. Tena kwenye baadhi ya SFF mtengenezaji ameandika kikomo cha chini ya hapo, kwahiyo kama yako ni SFF tafuta kitabu cha mashine, kipo bure kwenye tovuti ya Dell au HP.

Sasa kibandiko. Usisome ile W kubwa ya juu, tafuta mstari wa +12V kwasababu kadi na prosesa zote zinakula huko. Mfano ukikuta imeandikwa 12V 18A, zidisha, 12 mara 18 ni 216W. Prosesa kama i5-4590 ni 84W ikibanwa, kadi 75W, hapo ni 159W, ongeza feni na diski bado unapumua. Ukileta kadi ya 150W hesabu inakataa, imeisha hiyo.

Kuna ujanja mtaani, fundi anakuuzia adapta ya kutoa waya wa SATA kwenda pini 6. Kataa. Ule mdomo wa SATA una pini tatu za 12V, kila moja 1.5A, jumla ni 54W, wakati pini 6 ya kadi inaruhusiwa kuvuta 75W. Plastiki inalainika taratibu, inanuka, alafu siku moja unaona moshi. Kama kadi inahitaji waya, waya utoke kwenye pawa saplai yenyewe.

Kubadilisha pawa saplai inawezekana kwenye minara, kwenye SFF sahau, umbo lake ni la peke yake. 7010 ya mnara inatumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi, hii ni rahisi. 9020 ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6 ya HP, hizo zinataka adapta ya kubadilisha kutoka pini 24, zinapatikana, ila hakikisha umeagiza ya model yako maana ya Dell na ya HP hazifanani na ukichomeka ya mmoja kwenye mashine ya mwingine unaweza kuua madabodi. Ukienda njia hii nunua pawa saplai ya jina linalojulikana yenye alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme mwingi), hata kama ni 450W tu.

Na kama bado hujanunua kompyuta, wazo langu ni uache hizi za ofisini utafute za kazi nzito, mfano HP Z420 yenye pawa saplai ya 600W, nyaya za kadi zimo. Utakuwa umeruka nusu ya maumivu ya mwongozo huu.

Hatua ya 3: Hakikisha tatizo ni kadi kweli

Fungua gemu lako, cheza dakika kumi, alafu bonyeza Ctrl Shift Esc uangalie ukurasa wa Performance. Kama GPU inagonga 95 mpaka 100 muda wote na prosesa ina nafasi, basi kadi ndo imechoka. Kama GPU iko 50 au 60 huku prosesa imejaa 100, ukinunua kadi kubwa utapata fremu zilezile, umechoma hela. Hizi i5 za zamani zina kori nne bila nyuzi za ziada, kwenye gemu za wachezaji wengi ndo zinalia zaidi.

Angalia RAM pia. Kama una kijiti kimoja cha 8GB, ongeza cha pili kifanane nacho, viwili vinafanya kazi kwa pamoja na mashine inachangamka. Na kama bado uko kwenye hadi diski ya kuzunguka, SSD kwanza jamani, kadi itasubiri.

Alafu kuna ukuta mwingine ambao kadi haiuvunji. i5-3470 na ndugu zake wa kizazi cha tatu hazina AVX2, aina ya maagizo ya prosesa iliyoanza kizazi cha nne mwaka 2013, na gemu zinazodai AVX2 hazifunguki kabisa hata uweke kadi ya mamilioni. Valorant nayo kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya ndani ya mashine, hizi OptiPlex za 2012 na 2013 zina TPM 1.2. Soma mahitaji ya gemu lako unalolipenda kabla hujatoa shilingi.

Hatua ya 4: Gemu gani, na monita ipi

Kama unacheza PES 2017, GTA V ya zamani, CS2 setingi za chini, hata GTX 750 Ti ya 2014 bado inajikongoja. Kama unataka mpira mpya kuliko huo, FC 24 kwa mfano, EA wenyewe waliandika kiwango cha chini ni GTX 1050 Ti au RX 570, kwahiyo hiyo ndo sakafu yako.

Monita sasa. Wengi bado tuna zile za VGA zilizokuja na kompyuta. Nvidia waliacha kutoa picha ya analogi kuanzia GTX 1000, yani kadi ya GTX 1050 kwenda juu haina VGA ya kweli, utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani na sio waya mtupu wa bei chee unaounganisha pini kwa pini. Bei yake ni ndogo ila weka kwenye bajeti. Na kama monita yako ni 1366 kwa 768 au 1600 kwa 900, habari njema, kadi ndogo inatosha, usinunue mapikseli ambayo huna pa kuyaonyesha.

Hatua ya 5: Kadi zenyewe

Kama uko na pawa saplai ileile ya ofisini bila waya wa ziada, hizi ndo zako.

GT 1030 inakula 30W tu, ya dharura, lakini kuna mtego mchafu, zipo mbili zenye jina moja. Ya GDDR5 kumbukumbu yake inapitisha 48GB kwa sekunde, ya DDR4 iliyotoka 2018 inapitisha karibu 17 tu. Boksi zinafanana, herufi ndogo ndo zinatofautiana. Ukikuta DDR4 rudisha kwenye rafu.

GTX 1050 Ti ya 4GB, 75W, ya mwaka 2016, ndo kadi ya wananchi, ipo kila kona used. Ila tuambiane ukweli, mwezi wa kumi 2025 Nvidia walisitisha draiva (programu inayoiendesha kadi) mpya za magemu kwa GTX 900 na 1000 pamoja na 750 Ti, zimebaki za usalama mpaka 2028. Haimaanishi inazima, inamaanisha gemu jipya likisumbua hamna atakayelirekebisha. Kwahiyo lipa bei ya kadi inayostaafu, usikubali bei ya ujana wake.

GTX 1650 ndo ningenunua mimi kama hela ni ya kubana. Ni ya 2019, 4GB, inaipita 1050 Ti vizuri na draiva bado zinakuja, na zipo za kimo kifupi. Angalizo mbili: baadhi ya makampuni wameiwekea plagi ya pini 6, kwahiyo tazama kichwani mwa kadi kabla ya kulipa. Na GTX 1650 Super ni kitu kingine kabisa, 100W, inataka waya, muuzaji akikwambia "ni hiyohiyo tu imeongezwa nguvu" mwambie asante.

RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka mwanzoni mwa 2024, ndo mfalme wa kadi zisizo na waya, 70W. Hapa napo kuna pacha, RTX 3050 ya 8GB inakula mpaka 130W na inataka plagi. Jina moja, mashine mbili tofauti. Shida ya hii ya 6GB ni kwamba kwenye madabodi za kizazi cha pili na cha tatu wengine imewagomea kutoa picha, tutaongea kwenye kufunga, na kwa bei yake ukiwa na i5 ya kizazi cha tatu unaiweka kadi kwenye foleni nyuma ya prosesa.

Ambazo ningeziacha kwenye mashine hizi: RX 6400, sio mbaya, inakula 53W, ila inatumia njia 4 tu za PCIe na ilitegemea PCIe 4.0. Kwenye sloti yako ya 3.0 inapata nusu ya njia hiyo, kwenye kompyuta ya kizazi cha pili yenye 2.0 inapata robo, gemu inakwamakwama pale kumbukumbu inapojaa. Pia haina chipu ya kurekodi video, kwa anayestrimu haifai. Intel Arc A380 nazo zinategemea Resizable BAR, yani uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo, ambayo mashine hizi hazina, bila hiyo inachechemea.

Kama umeshabadilisha pawa saplai au una Z420, dunia imefunguka: GTX 1060 ya 6GB ni 120W, GTX 1660 Super 125W, RX 6600 ya 8GB 132W, hii ya mwisho naipenda kuliko zote hapo, lakini kwa i7 ya kizazi cha nne kwenda juu, chini ya hapo ni kuionea. RX 580 zipo nyingi za bei poa, ila inakula 185W, na za kutoka China nyingi ni 2048SP, yani zina kori 2048 badala ya 2304. Inafanya kazi, ila isiuzwe kwa bei ya kamili.

Hatua ya 6: Kukagua used kabla hela haijatoka mfukoni

Kadi nyingi za mtumba zilichimba sarafu za kidijitali mpaka Ethereum ilipoachana na uchimbaji kwa kadi mwezi wa tisa 2022. Kadi iliyochimba sio lazima mbovu, ila ikague.

Ishike mkononi. Zungusha feni kwa kidole, izunguke laini bila kuyumba wala kukwaruza. Angalia vichwa vya skrubu nyuma ya chipu, vikiwa vimechubuka imeshafunguliwa, muulize kwanini. Pitisha macho kwenye meno ya dhahabu, yasiwe na weusi wa kuungua. Inuse, kweli inuse, harufu ya kuungua haifichiki hata waioshe na spiriti. Ukiona mafuta yanavuja pembeni ya vile vipande laini vya joto imekaa kwenye moto muda mrefu. Na kadi isiyo na tundu hata moja la picha nyuma, kama P106-100, ilikuwa ya uchimbaji tu, iache.

Alafu iwashwe. Muuzaji anayesema "we nenda nayo tu haina shida" bila kuwasha, unamuaga. Nenda na fleshi yenye GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ipi, na FurMark, inayoikamua kadi mpaka mwisho. GPU-Z kwanza, maana kuna kadi za zamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti zilizochakachuliwa BIOS ili Windows iseme ni GTX 1050 Ti. GPU-Z za kuanzia 2018 zinazikamata, zinaandika FAKE mbele ya jina. Hata kwa macho tu, ukiona 1050 Ti ina tundu la VGA shtuka. Linganisha idadi ya kori pia, 1050 Ti ni 768, GTX 1650 ni 896.

Washa FurMark dakika 15 huku mnapiga stori. Joto lipande alafu litulie, likitulia chini ya 80 hivi uko salama, likiendelea kupanda mpaka 90 feni au pesti ya kupoza chipu imechoka. Macho kwenye skrini, ukiona vidoti, mistari ya rangi au vipande vinavyomemeteka kumbukumbu ya kadi inakufa, hata upunguziwe bei usichukue. Malizia kwa kuchomeka kila tundu la picha moja baada ya jingine.

Kama ni SFF, kadi iwe na kibati kifupi. Hicho kibati watu wanakipoteza sana, na kadi bila kibati inaning'inia.

Hatua ya 7: Kufunga

Kabla hujachomoa ya zamani sasisha BIOS kutoka tovuti ya Dell au HP, hii inatatua kesi nyingi za kadi mpya kutotoa picha. Kadi za saivi zinataka UEFI, kwahiyo kama pale msinfo32 ilisema Legacy jua unaweza kukutana na skrini nyeusi, na kubadilisha kwenda UEFI kunataka diski iwe ya mfumo wa GPT, Windows 10 ina kitu kinaitwa mbr2gpt kinafanya hiyo kazi, ila kopi mafaili yako pembeni kwanza.

Safisha draiva za zamani kwa DDU, programu ya kufuta draiva, ukiwa kwenye Safe Mode, hasa ukihama kutoka AMD kwenda Nvidia au kinyume. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, gusa bati la kesi, alafu ingiza kadi mpaka usikie ule mlio wa kidoko, funga skrubu. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, sio kwenye madabodi, nusu ya simu za "kadi yako mbovu" zinaishia hapa.

Isipotoa picha, rudisha monita kwenye madabodi, ingia BIOS, Dell ni F2 na HP ni F10, angalia mahali pa kuchagua video uweke kadi badala ya ya ndani. Bado? Toa betri ndogo ya madabodi dakika tano, rudisha, jaribu tena. Bado? Jaribu kadi kwenye kompyuta nyingine kabla hujagombana na muuzaji.

Ukishapata picha weka draiva kutoka tovuti ya Nvidia au AMD wenyewe, alafu rudia kile kipimo cha hatua ya tatu uone GPU na prosesa zinagawanaje kazi. Weka kikomo cha fremu 60 kama monita yako ni ya 60Hz, kadi inapoa na feni zinanyamaza, na kwa joto la Dar hilo sio jambo dogo. Vumbi pulizia kila baada ya miezi michache. Na umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo usiuchezee, UPS ndogo yenye kurekebisha volti inakulindia mashine nzima, ikishindikana basi umeme ukikatika chomoa plagi usubiri utulie ndo uwashe.

Ile GT 710 usiitupe wala usiiuze, weka kwenye boksi. Siku mashine ikigoma kuwaka ndo utakayoichomeka kujua kama mgonjwa ni kadi au madabodi.